Kebo ya Faiba Juu ya Nguzo za Umeme: Chumvi ya Pwani Inavyolila Ganda

Gari ikilala nje usiku mmoja Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, wakati wa upepo wa kusi, asubuhi pitisha kidole kwenye kioo chake: kidole kinatoka na chumvi. Chumvi hiyo hiyo imelala juu ya kila kebo ya faiba iliyotundikwa kwenye nguzo za ukanda ule, usiku baada ya usiku, msimu mzima. Halafu watu wanashangaa kebo iliyonunuliwa idumu miaka 25 inapasuka ganda mapema.

Kioo chenyewe, yaani uzi wa faiba unaopitisha mwanga ndani ya kebo, hakina lawama. Uzi wa faiba wa kawaida, aina ya G.652D, una unene wa mikroni 125 kabla ya kuvikwa tabaka lake la plastiki, na ukiachwa bila kukunjwa, kuvutwa wala kuloweshwa, utapitisha mwanga miongo na miongo. Hupoteza takriban desibeli (kipimo cha upotevu wa mwanga) 0.35 kwa kilomita kwenye mwanga wenye wimbi la nanomita 1310, na 0.20 hadi 0.22 kwenye 1550. Kinachokufa ni vazi lake: ganda, nyuzi za kubebea uzito, na vyuma vinavyoishika nguzoni. Hati nyingi za zabuni zinajaza ukurasa kuhusu idadi ya nyuzi, kisha ganda linapewa maneno matatu: "nyeusi, ya nje". Kwa visiwa vyetu vya Unguja na Pemba mpango huo umekaa kichwa chini.

Kwenye nguzo za umeme utakutana na aina tatu za kebo. Ya kwanza ni ADSS, ambayo haina chuma hata chembe na inajibeba yenyewe. Katikati yake kuna fimbo ngumu ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kisha tyubu za plastiki zilizosokotwa kuizunguka, kila tyubu na nyuzi 6 au 12, kisha mkanda unaovimba ukiguswa na maji, ganda la ndani, tabaka la nyuzi za aramidi zinazobeba mzigo wote, na mwisho ganda la nje la polithini. Weusi wa ganda hilo ni masizi ya kaboni, asilimia 2 mpaka 2.6, na ndiyo yanayozuia jua lisiivunjevunje plastiki. Ukiletewa kebo ya njano au ya chungwa kwa ajili ya nguzoni, irudishe.

Ya pili ni OPGW. Hii ni waya wa radi wenyewe, ule unaopita juu kabisa ya minara, ila ndani yake mna kijibomba cha chuma kisichoshika kutu chenye nyuzi za faiba. Inafaa laini kubwa inapojengwa upya au inapobadilishwa waya wa juu. Kwa laini ya kiwango cha kilovolti 132, kama ile inayotoka Fumba kwenda Mtoni, hakuna kebo ya hewani iliyo salama kuliko hiyo, kwani imepanda juu ya kila kitu na hakuna mwizi wala mnazi unaoifikia. Adui yake ni radi. Radi ikipiga huyeyusha waya za nje moja moja, kwa hiyo dai waya za nje ziwe nene, milimita 3 kwenda juu, za chuma kilichovikwa alumini. Waya nyembamba za alumini tupu hukatika, zikaning'inia, na ile inayoning'inia ikigusa laini ya chini yake ndipo kisiwa kinapoingia gizani.

Ya tatu ni kebo ya umbo la nane, yenye waya wa chuma juu na faiba chini. Kwenye nguzo za simu peke yake inafanya kazi vizuri. Kwenye nguzo za umeme tunaipinga. Waya ule wa chuma hupokea umeme kutoka laini iliyo juu yake, lazima uunganishwe na ardhi (ethi) kila baada ya nguzo kadhaa, na upakaji wake wa zinki ndio wa kwanza kuliwa na chumvi. Fundi anayepanda akidhani ameshika waya wa simu anaweza kuwa ameshika kitu kingine kabisa.

Sasa chumvi na umeme pamoja. Hapa ndipo ADSS nyingi zinapoharibikia, na ndipo pasipoelezwa vya kutosha.

Kebo ya ADSS haina chuma, lakini inaning'inia ndani ya uwanja wa umeme wa laini. Kila nukta ya anga chini ya waya za umeme ina volti zake, kubwa au ndogo kwa kadiri ya umbali kutoka kwenye zile waya tatu. Ganda likiwa kavu na safi, hakuna kinachotokea. Likiwa na tabaka la chumvi na umande wa alfajiri ukalilowesha, ganda zima linageuka kuwa waya mbovu wa umeme: mkondo mdogo unatembea juu yake kuelekea nguzoni, penye klampu ya chuma iliyounganishwa na ardhi. Jua linapopanda, maji hukauka kwanza pale mkondo ulipo mwingi, yaani sentimita chache kabla ya klampu. Panatokea ukanda mkavu, mwembamba kama pete. Volti zote zilizokuwa zimetandaa kwenye urefu wa kebo sasa zinasimama juu ya pete hiyo moja, na cheche inaruka. Ni cheche ndogo ya miliampea chache tu, lakini inarudi kila siku yenye umande, mahali pale pale. Polithini inaungua, inachimbika, maji na chumvi vinafika kwenye aramidi, na siku moja ya upepo kebo inakatika karibu na nguzo. Ukiiona imekatika hivyo, na kingo za ganda zimeungua au zimechorwa mistari kama mizizi, usiandike kwenye ripoti kwamba ni upepo.

Dawa yake huanza kwenye kuagiza. Ganda la polithini ya kawaida hukubalika pale ambapo volti za anga mahali kebo inapopita hazizidi kilovolti 12. Zaidi ya hapo mpaka kilovolti 25 linatakiwa ganda maalumu linalostahimili cheche. Vipimo hivyo havikutungwa kwa ajili ya nguzo inayopigwa na povu la bahari, kwa hiyo ufukweni sisi tungeshusha kikomo hicho bila kusita. Kwa nguzo za kilovolti 11 na 33 habari ni nzuri: ukiipitisha kebo chini ya waya zote kwa nafasi ya kutosha, volti za anga pale ni kilovolti chache tu na ganda la kawaida linatosha. Kosa ni fundi kutafuta nafasi "iliyo wazi" akaipandisha kebo karibu na waya za umeme, au kati ya waya na mkono wa nguzo. Kwenye laini ya 132 usikisie. Mhandisi apige hesabu za uwanja wa umeme kwa umbo la kila aina ya mnara, kisha achague tundu la mnarani la kufungia klampu. Kushuka au kupanda mita moja kunaweza kubadilisha jibu.

Nafasi ya katikati ya nguzo mbili nayo haifanani na nafasi ya nguzoni. Mchana, mzigo ukiwa mkubwa, waya za umeme hupata moto na kulegea. ADSS haibadiliki sana kwa joto, imebaki pale pale, na waya wa umeme unaishukia. Kwa hiyo pima nafasi ukichukulia waya wa umeme uko kwenye joto lake la juu kabisa, si ulivyouona saa mbili asubuhi.

Tuje kwenye mvuto, kwa sababu macho ya watu wengi hupenda kebo iliyonyooka. Mfano: kebo yenye uzito wa kilo 100 kwa kilomita, nguzo mita 50 kwa 50. Ukiiacha ilegee asilimia 1, yaani sentimita 50 katikati, mvuto ni kama kilo 62. Hesabu yenyewe ni uzito wa mita moja, mara umbali wa nguzo, mara umbali huo tena, gawa kwa mara nane ya ulegevu: 0.1 × 50 × 50 ÷ (8 × 0.5). Ukiikaza ibaki sentimita 15 ipendeze, mvuto unaruka mpaka kilo 208 kabla upepo haujavuma hata kidogo. Na upepo ndio mzigo mkubwa. Kebo ya unene wa milimita 11 ikipigwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa hubeba msukumo wa zaidi ya kilo 0.5 kwa kila mita, zaidi ya mara tano ya uzito wake wenyewe. Kebo iliyoachiwa ulegevu hurefuka kidogo, ulegevu ukaongezeka, na mvuto haupandi sana; iliyokazwa kama uzi wa udi haina pa kukimbilia. Kikomo cha mvuto kimo kwenye karatasi ya kiwanda. Kisome kwa umbali wa nguzo zako, si kwa ule ulioandikwa kwenye jina la kebo.

Kuna upepo mwingine usiotisha lakini unaua: ule mpole usiokatika. Bonde la Cheju liko wazi, na kusi likivuma sawasawa juu ya mipunga, kebo huanza kutetemeka harakaharaka, kwa mtikisiko mdogo usiouona ukiwa chini. Mtetemo huo husaga ganda penye klampu. Nguzo zikipishana zaidi ya mita 100 mahali kama hapo, funga vizuia mtetemo vya plastiki vya kujisokota, kimoja au viwili kila upande wa nguzo.

Pemba ina shida yake, nayo ni vilima. Barabara ya Chake Chake kwenda Wete na Konde inapanda na kushuka, na nguzo iliyo bondeni inakuta kebo inaivuta kwenda juu badala ya kuikalia. Klampu ya kuning'iniza imetengenezwa kubeba uzito unaoelekea chini. Ikivutwa juu huchezacheza, mpira wake unatoka, chuma kinagusa ganda. Nguzo kama hiyo ifungwe klampu mbili za kukazia, moja kila upande, kebo ipite kwa kitanzi kilicholegea katikati. Fanya hivyo pia kwenye kona inayozidi digrii 20 hivi, na kila baada ya nguzo kadhaa hata pakiwa pamenyooka, ili mti ukiangukia sehemu moja usiburute njia nzima.

Vyuma vya kufungia ndipo fedha ndogo inapookoa fedha kubwa. Mikanda ya chuma cha pua ya daraja la 304 hupata madoadoa ya kutu karibu na bahari, kisha nyufa. Daraja la 316 lina molibdeni asilimia 2 hadi 3 na ndilo linalohimili chumvi. Tofauti ya bei kwa nguzo moja ni ndogo mno kulinganisha na safari ya kurudi na ngazi. Boliti za zinki ya kuchovya moto zinafaa, za zinki ya kung'aa zinazouzwa madukani hazifai. Vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya vikiwa vyeupe havivuki mwaka juani.

Minazi. Usipitishe kebo chini ya mnazi ikiwa unaweza kuhamisha nguzo upande wa pili wa barabara. Kuti kavu likidondoka husukuma kebo tu, lakini mkungu wenye madafu ukiangukia katikati ya nguzo mbili utaing'oa klampu. Na moto: watu huchoma taka na majani chini ya nguzo, na polithini huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi. Kebo haikatiki siku hiyo. Ganda linalainika, tyubu zinabanana, na upotevu unaanza kupanda wiki kadhaa baadaye wakati hakuna anayekumbuka moto. Zungumza na sheha, kiongozi wa eneo, mapema, kabla hata ya kuchimba shimo la kwanza. Anajua tanuri la chokaa liko wapi na shamba lipi huchomwa kabla ya masika.

Chini ya ardhi mambo hutegemea udongo. Kwenye kinongo na kichanga utachimba mita 1 hadi 1.2 bila taabu, uweke bomba la polithini ngumu, ufukie, na sentimita 30 juu ya bomba utandaze utepe wa tahadhari. Kwenye kinamo angalia nguzo zaidi ya mtaro: udongo huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, na nguzo iliyosimikwa juujuu inainama. Kanuni ya kufaa ni asilimia 10 ya urefu wa nguzo na kuongeza sentimita 60, hivyo nguzo ya mita 9 iende chini mita 1.5. Kwenye uwanda, mawe matupu ya mashariki na kusini ya Unguja, mita moja ni ndoto bila mashine ya kuvunjia. Hapo chimba sentimita 40 hadi 60, tandika sentimita 10 za udongo laini uliochekechwa, weka bomba, funika kwa udongo ule ule, kisha mimina zege juu. Usiruke matandiko: jiwe la matumbawe lina ncha kali, na bomba likikandamizwa na ncha moja kwa miaka, nyuzi ndani zinapata mikunjo midogo isiyoonekana kwa jicho. Mchanga wa ufukweni usitumike, una chumvi.

Funga midomo ya mabomba yote kwenye chemba, hata yaliyo matupu. Panya buku huingia kutafuta njia, hakuna chakula wanachofuata, na meno yao hayachagui. Kwa kebo ya mabomba chukua yenye kinga ya nyuzi za kioo badala ya bati la chuma, hasa ikiwa inaishia kwenye kituo cha umeme.

Sababu ya hilo ni hii. Laini ikipata hitilafu, ardhi ya kituo hupanda volti nyingi kwa sehemu ya sekunde. Kebo yenye bati la chuma inazibeba volti hizo nje ya uzio mpaka kwenye chemba ya mtaani au chumba cha mitambo ya simu, ambako fundi ameshika bati kwa mikono mitupu. Kwa hiyo mita mia chache za mwisho kuingia kituoni ziwe kebo isiyo na chuma kabisa. OPGW nayo ikishuka mnarani iishie kwenye kisanduku cha maungio, na kuanzia hapo kwenda chumba cha udhibiti iendelee kebo ya plastiki tupu.

Shirika la umeme linaitaka faiba kwa jambo ambalo kampuni ya intaneti hailiwazi: kinga ya laini. Rilei mbili (vifaa vya kuilinda laini), moja kila mwisho wa laini, hutumiana ujumbe kwa faiba na kulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, na zikiona tofauti zinakata. Mwanga ndani ya kioo hutumia mikrosekunde 5 kwa kilomita, kwa hiyo kilomita 40 ni milisekunde 0.2, muda usio na madhara. Madhara huja pale ujumbe unapoenda kwa njia fupi na kurudi kwa njia ndefu. Rilei inachukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Tofauti ya milisekunde 1 inaifanya ikosee nusu yake, ambayo kwenye umeme wa hezi 50 ni digrii 9, na inaweza kuona hitilafu isiyokuwepo. Ukikodisha nyuzi kwa shirika la umeme, andika kwenye mkataba kwamba jozi ya nyuzi haitatenganishwa njia, hata wakati wa matengenezo.

Maungio sasa. Acha mita 15 za akiba kila upande wa kila kloja (kisanduku cha maungio), ili ishuke chini na kuungwa mezani chini ya kivuli. Asiunge mtu juu ya ngazi. Rangi za nyuzi 12 ni buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, feruzi, na mpangilio huo huo ndio wa tyubu. Futa jeli yote, safisha kwa alkoholi ya asilimia 99, kata kwa pembe isiyozidi nusu digrii. Kabla ya kazi ya siku iamuru mashine ya kuungia, inayoyeyusha nyuzi kwa cheche, ijipime cheche yake, kwa sababu unyevu wa pwani huibadilisha. Mashine iliyopimwa ofisini kwenye kiyoyozi itakupa maungio mabovu saa mbili baadaye Nungwi. Ungio zuri hupoteza desibeli 0.02 hadi 0.05, likifika 0.1 livunje urudie. Kloja ya umbo la kuba itundikwe midomo ikitazama chini. Mpira wake upakwe mafuta yake maalumu, wala usiurudie mara ya pili ukishaminywa.

Kipimo cha mwisho kifanyike pande zote mbili na kwa rangi mbili za mwanga. Nukta inayoonekana mbaya kwenye 1550 na nzuri kwenye 1310 si ungio bovu, ni kebo iliyokunjwa: rudi kwenye trei ya ndani ya kloja au kwenye kitanzi cha nguzoni. Kebo yenye unene wa milimita 12 haitaki kukunjwa chini ya sentimita 24 za nusu kipenyo ikiwa inavutwa, wala chini ya 12 ikiwa imetulia. Kwa njia ya kilomita 24 iliyojengwa kwa dramu 6 za kilomita 4, tarajia hivi: kioo kilomita 24 kwa 0.22 ni 5.28, maungio 7 (5 kati ya dramu na 1 kila mwisho) kwa 0.05 ni 0.35, viunganishi 2 kwa 0.5 ni 1.0, jumla desibeli 6.63. Ukipata 9, usipokee kazi.

Kebo ikikatika, OTDR, kifaa kinachopima kwa mwanga umbali wa palipokatika, itasema mathalani mita 13,400, na gari itakwenda mita 13,400 barabarani na kukuta kebo nzima. Nyuzi zimesokotwa, kwa hiyo ni ndefu kuliko kebo kwa asilimia 1 au zaidi. Kila kloja imekula mita 30 za akiba. Na kebo yenyewe ni ndefu kuliko barabara. Kinachookoa siku ni daftari la alama za mita zilizochapwa kwenye ganda: kila nguzo, kila chemba, kila kloja, ziandikwe siku ya kuvuta. Ukishajua alama ya kloja iliyo karibu, pima kutoka hapo tu.

Usijaribu kuzivuta ncha mbili zikutane, wala usiweke kloja ikining'inia katikati ya nguzo mbili. Toa kipande kizima kutoka nguzo yenye klampu za kukazia mpaka nyingine kama hiyo, weka kipya, unga pande zote mbili. Ndiyo maana mita 300 za kebo ile ile, yenye ganda lile lile, zibaki ghalani Unguja na nyingine Pemba, ncha zake zikiwa zimefunikwa kofia za plastiki zisinyonye maji, kwani ikikatika Konde siku bahari imechafuka, dramu iliyo bandarini Malindi, Unguja, haitamsaidia mtu.